Kona Mbovu ya Barafu ya Olaya

Juzi mlinipigia tena, nyinyi vijana wa barafu, mmejazana kwenye chumba kile kile cha Al-Murabba, Riyadh, nilichokiacha, kila mmoja anataka kuongea kabla mwenzake hajamaliza. Niliwasikia. Timu ya hoki ya chuo chetu imefungwa nyumbani, pale uwanjani Olaya, na vijana wa Jeddah, na sasa mnamuuliza mzee aliyekaa zake Kitale na gamubuti miguuni ati faida ya kucheza nyumbani imepotelea wapi. Mmoja akasema mashabiki walikuwa wachache. Mwingine akasema refa alikuwa wao. Wa tatu, ambaye sikulishika jina lake, akasema labda ni bahati tu. Wacheni hizo. Nawaandikia kwa sababu kwenye simu mnakatika-katika, nami sipendi kurudia maneno.

Kwa wale wageni wasionijua: mimi ni Barasa. Kule Riyadh hakuna aliyeniita hivyo isipokuwa afisa anayesoma ikama, kile kibali cha ukaazi. Waliniita Abu Thalji, baba wa barafu, na jina hilo nililifanyia kazi, kwa hiyo sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nimetengeneza barafu ya hoki katikati ya jangwa mpaka ndevu zangu zikawa na rangi yake, na vyuo vimecheza juu yake msimu baada ya msimu. Ukiniuliza habari za siasa nitakudanganya. Ukiniuliza habari za barafu, tulia usikize.

Nilikwenda kama dereva. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, mwenye uwanja, ambaye sote tulimwita bosi, aliniuliza swali moja tu siku ya kwanza: "Unajua kuendesha nini?" Nikamwambia kila kitu chenye usukani: lori, trekta, basi la shule. "Yalla," akasema, akanipeleka ndani. Nje joto lilikuwa la kukaanga yai, na mimi nilikuwa na shati la mikono mifupi. Ndani nikaona uwanja mweupe umezungushiwa mbao, na vijana waliovaa kofia ngumu wanakimbizana na magongo na kugongana kama mafahali wa kwetu. Nikamwuliza bosi, "Hawa wanapigania nini?" Bosi akacheka mpaka akashika ukuta.

Gari lenyewe nililotakiwa kuendesha lilikuwa dude kubwa kama jokofu lililowekewa magurudumu. Linakwangua ngozi ya juu ya barafu iliyochanika, linaosha, halafu linamwaga nyuma yake maji kidogo, tena maji ya moto. Maji ya moto juu ya barafu! Nilijua nachezewa. Aliyenifundisha alikuwa Mfilipino mmoja mfupi, Rodel, mtu wa maneno machache na hasira nyingi. Tuliongea Kiarabu chetu kile cha kazini, mnakijua, kile ambacho Mwarabu mwenyewe akikisikia anaomba msamaha na kuondoka. Rodel akanieleza kwamba maji baridi yanaganda juu juu kama kigaga cha kidonda na mchezaji akipita yanabanduka. Ya moto yanayeyusha kidogo, yanaingia kwenye mikwaruzo, yanashikana na barafu ya chini. Nilimwamini baada ya kujaribu ya baridi kwa siri na kuona kigaga kwa macho yangu.

Sasa nicheke nanyi kidogo. Siku moja ilikuja dhoruba ya vumbi, ile ya Riyadh inayogeuza mchana rangi ya chai ya maziwa. Vumbi likapenya kwenye kila ufa, na asubuhi barafu yote ilikuwa na unga mwekundu juu. Rodel alikuwa hajafika. Mimi nikajiambia, Barasa, hii kazi hata mama yako alikufunza. Si mnajua kwetu uwanja wa nyumba ukiwa na vumbi mtu anafanya nini kabla ya kufagia? Ananyunyiza maji, vumbi litulie. Nikachukua ndoo, nikanyunyiza vizuri kabisa, kona hadi kona, kwa mkono, kama vile naandaa nyumba ya harusi. Nilipokuja na ufagio hapakuwa na cha kufagia. Vumbi lilikuwa limegandia ndani.

Rodel aliingia, akasimama. Hakunitukana. Alivua kofia akaishika kifuani kama mtu aliyefika msibani. Halafu ndipo akanitukana, kwa lugha yake, muda mrefu, na sikuhitaji mkalimani. Tulikwangua barafu ile mpaka mgongo ukalia. Tangu siku hiyo, vumbi likija Riyadh mnafagia kavu, kwa ufagio laini, polepole, mkirudi nyuma. Na mkiona Mkenya mgeni ameshika ndoo, mnyang'anyeni haraka.

Basi turudi kwenye swali lenu.

Watu wanasema nyumbani kuna mashabiki. Aki ya nani, mashabiki wa hoki ya vyuo Riyadh nimewaona. Ni binamu za kipa, ni madereva wanaosubiri madam amalize dukani, na ni mlinzi wetu Mutua ambaye alikuwa analala. Kelele zao hazijawahi kuingiza bao. Wanasema mgeni anachoka na safari. Kweli, kidogo, lakini vijana wa chuo wanapanda ndege na kulala hotelini, sio kama sisi. Wanasema refa. Refa wa huko alikuwa anaogopa pande zote mbili sawasawa.

Mimi nawaambia nyumbani ni pale unapojua ubovu wa mahali. Uzuri wa mahali hata mgeni anauona akiingia tu mlangoni. Olaya tulikuwa na ukuta mmoja unaotazama magharibi, na jua la alasiri likiupiga, kona ya upande ule ilikuwa inalainika. Bosi aliweka mashine za baridi mpya, akaweka bati la kuzuia joto, wapi. Kona ilibaki laini kama ugali uliotolewa mapema. Vijana wetu walijua. Jua likianza kushuka, hakuna aliyekata kona pale kwa kasi. Mgeni alikata, chuma cha kiatu kikazama, akaenda mwenyewe ukutani bila kusukumwa na mtu, na kisahani, kile kidude cheusi wanachopiga, kikabaki kwetu. Halafu kulikuwa na ubao mmoja nyuma ya goli la kushoto ambao ulishabadilishwa, haukuwa wa mti mmoja na wenzake. Ukipiga kisahani kwenye mbao nyingine kinarudi kwa nguvu. Ukipiga pale kinakufa. Mabao mangapi tulifunga kwa ubao ule! Magazeti yalisema ni mbinu, na kocha wetu Sultan, ambaye ni muungwana, alikuwa akinikonyeza.

Sasa nawauliza nyinyi, kabla hamjamlaumu refa: bosi ameniambia kwa fahari kwamba amejenga upya ukuta wa magharibi na kubadilisha mbao zote. Uwanja sasa ni mzuri kila mahali. Je, kuna mmoja wenu aliyeuzunguka na kuugonga akasikia umebadilika wapi? Najua hakuna.

Wacha niwaambie kuhusu ile fainali ya Jeddah, maana mmesikia vipande vipande kutoka kwa Mutua, na Mutua anaongeza chumvi.

Mashindano ya vyuo yalikuwa na desturi moja: anayechukua kombe ndiye anayeandaa mwaka unaofuata. Jeddah walikuwa wamelishika kombe hilo muda mrefu, kwa hiyo mashindano yalikuwa hayatoki kwao. Bosi wetu akachoka. Alituita sote, wa barafu, wa usafi, walinzi, akasimama mbele yetu na tasbihi mkononi. "Umeme wa barafu unanila," akasema. "Nimeletewa mtu anayetaka kuweka fanicha hapa. Makochi. Kombe likija Riyadh, mwakani watu watakuja, nami nabaki na barafu. Lisipokuja, halas, nazima mashine." Hakuwa mtu mbaya, bosi yule. Macho yake yalikuwa mekundu akisema.

Na mimi hapo nilikuwa na shida yangu. Nyumba yangu huku Kitale ilikuwa imefika kwenye linta ikasimama. Kuta zipo, madirisha yapo, juu ni mawingu. Nekesa, mke wangu, alikuwa anaishi na watoto kwenye jiko la zamani akiitazama. Kila simu, baada ya salamu na habari za ng'ombe, alikuwa anauliza, "Sasa Baba Simiyu, mabati ni lini?" Hakuwa anagomba. Angegomba ningejibu. Kwa umri wangu hakuna kafili mwingine angenichukua. Uwanja ukifungwa nilikuwa narudi nyumbani, naenda kukaa na mke wangu chini ya mawingu. Kwa hiyo msidhani nilikwenda Jeddah kutazama mchezo. Nilikwenda kutafuta mabati.

Vijana walipanda ndege. Mimi na magongo, viatu na mashine ya kunoa tulipita barabara ya Taif kwa gari. Niliteremka ile milima nikiomba kwa lugha zote ninazozijua. Nilipofungua mlango wa gari Jeddah, miwani yangu iliingia ukungu hapo hapo. Hewa ya kule imeshiba maji, mnajua, unaweza kuikamua. Nikasema moyoni, hapa barafu inaishije?

Aliyekuwa anaiweka hai ni Rodel. Ndiyo, Rodel yule yule. Alikuwa amehamia Jeddah zamani kwa mwajiri mwingine, na barafu tuliyokwenda kuchezea ilikuwa kazi ya mikono yake. Tulikumbatiana pale mlangoni kama ndugu. Akanilisha wali na samaki, akaniuliza habari za Nekesa na mabati. Nikamweleza yote: fanicha, bosi, mawingu. Akasikiliza, akatafuna.

"Sadiki, rafiki yangu," nikamwambia, "kona mbovu ya uwanja wako iko wapi?"

Akaweka kijiko chini. "Wewe ungeniambia ya Olaya?"

"Ya Olaya unaijua. Wewe ndiye uliyenionyesha."

"Basi hii tafuta mwenyewe," akasema, akaniongezea samaki.

Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Asubuhi aliniruhusu kuingia, akakaa kwenye mashine yake akinitazama huku anatabasamu. Nilizunguka uwanja wote nikigonga mbao kwa kitako cha gongo, sikio karibu, kama unavyogonga tikiti maji sokoni. Ubao mzima unalia kwa ukali. Nilipofika nyuma ya goli la upande wa mlango mkubwa, ubao mmoja ukajibu kwa sauti ya chini, ya kiziwi. Nikagonga tena. Nikamtazama Rodel. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

Nikatazama pia barafu yenyewe. Ilikuwa laini, yenye jasho. Na hapa sikizeni mnaonoa viatu. Chuma cha kiatu cha hoki hakina makali ya upande mmoja kama kisu, kina mfereji katikati na makali mawili pembeni. Barafu ya Riyadh ni kavu na ngumu, inataka mfereji wa kina ili makali yashike. Ukiupeleka unoaji huo kwenye barafu laini, makali yanazama, kijana anakuwa kama anakimbia kwenye tope, na kipindi cha pili hana miguu. Nilikuwa nimenoa viatu vyote Riyadh, kwa unoaji wa Riyadh. Nikaenda moja kwa moja kwa kocha Sultan.

"Kocha, nipe viatu vyote."

"Vyote? Mechi ni leo, Abu Thalji."

"Ndiyo maana navitaka sasa. Na yule Turki mwambie nataka kumwonyesha ubao."

Turki alikuwa kapteni wetu, kijana mrefu asiyependa kushauriwa na mtu yeyote aliye chini ya kocha. Lakini alikuja. Nikagonga ubao mzima, nikagonga ule mfu. Akanyanyua nyusi. Akachukua gongo akagonga mwenyewe, mara nyingi, kama mtoto aliyepata ngoma. Mimi nikarudi kunoa upya, mifereji isiyo na kina, mpaka vidole vikafa ganzi.

Mechi ilianza alasiri. Sitawasimulia yote, hamkulipa kiingilio. Vijana wa Jeddah walikuwa wazito na wajanja, na walijua barafu yao. Walikuwa wanapiga kisahani juu kidogo ili kisikwame kwenye maji, jambo ambalo sisi hatukulijua mpaka tulipofungwa. Lakini wetu walikuwa na miguu. Kila nikiona Turki anageuka bila kuzama nilikuwa najipongeza mwenyewe, kwa sauti. Mpaka kipindi cha pili kinakwisha tulikuwa sare. Wakapumzika kwa ajili ya swala ya magharibi.

Hapo ndipo kulipotokea mambo.

Mnawajua wenyeji wa Jeddah kwa ukarimu. Mkuu wa chuo chao, mzee mmoja mwenye ndevu nzuri, aliona wageni wanatoka kuswali na akataka waingie kwa heshima, sio kwa kimlango cha pembeni. Akaamuru mlango mkubwa ufunguliwe, ule ambao mashine ya barafu hupitia kutupa theluji inayoikwangua. Ukafunguliwa wote. Pande mbili wakasimama vijana na madele, yale mabirika ya kahawa, tende na vyetezo vya udi. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Rodel alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumwaga maji ya moto. Nilimwona anakimbia akiteleza, mikono juu, anapiga kelele, "Mafi! Mafi bab! Mlango hapana! Funga!" Lakini nani anamfungia mgeni mlango usoni? Wageni waliingia taratibu, wakisalimiana, wakishikana mikono, wakinusa udi, na hewa ya bahari ikaingia nao ikakutana na barafu.

Ukungu uliinuka kutoka chini kama maziwa yanayofurika. Mara hatuoni goli. Mara hatuoni uwanja. Refa alikuwa anasikika tu.

Na sheria ilikuwa wazi, kila mtu aliijua: mechi isipomalizika, kombe linabaki kwa aliyelishika. Refa akasema kwamba anangoja kidogo, ukungu usipoondoka anapuliza filimbi ya mwisho. Vijana wetu wakakaa benchi. Watu wa nchi kavu, ukungu wangeujulia wapi? Turki alikuwa ameinamisha kichwa magotini. Kocha Sultan alikuwa anapapasa hewa kwa kofia yake, masikini, kama anafukuza nzi.

Mimi nilisimama pale nikaona makochi. Wallahi niliyaona, yamepangwa Olaya juu ya sakafu kavu, na bei zake zimening'inia. Nikamwona Nekesa amekaa mlangoni pa jiko anatazama zile kuta. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuwaambia. Nikatembea kwa kupapasa mpaka kwenye mashine ya Rodel. Alikuwa amekaa pembeni yake, ameshika kichwa.

"Rodel," nikasema. "Ukungu huu mnautoaje?"

Akajipangusa uso.

"Si mara ya kwanza. Najua si mara ya kwanza. Mnautoaje?"

"Ukikaa hivi, sisi tunabaki na kombe," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua."

Akanitazama. "Nekesa bado anauliza mabati?"

"Bado anauliza."

Akalaani kwa lugha yake, ile ile ya siku ya vumbi. Akasimama. "Wazunguke," akasema. "Wote. Kwa kasi, upande mmoja, na taulo mikononi. Hewa ikizunguka, ukungu unapanda. Mimi nafunga mlango na kuwasha feni. Hata kama mkuu wa chuo ataninyonga."

Nilikimbia benchi. Nilipiga kelele kwa Kiarabu changu cha kazini na kwa mara ya kwanza maishani kikaeleweka chote. Vijana wetu wakaingia na taulo, wakaanza kuzunguka. Wachache hawatoshi uwanja mzima, na ukungu ulikuwa unawacheka. Ndipo nikamwona kapteni wa Jeddah amesimama kwenye mlango wa benchi lao. Alijua tunachofanya, lile jambo walikuwa wakilifanya wao kila msimu. Akamtazama mkuu wa chuo chake na wageni wote wale na kahawa zao, akawageukia wenzake. "Watu wamekuja nyumbani kwetu," akasema. "Watarudi hivi?" Akachukua taulo. Wote wakaingia nyuma yake.

Mngeona! Vijana wa miji miwili wanazunguka pamoja kama mawe ya kinu cha kusagia, taulo juu. Jukwaani watu wakavua vilemba wakapepea. Kulikuwa na dada mmoja wa Mombasa, Fatuma, aliyekuja na familia anayoifanyia kazi, akapanda juu ya kiti akapepea blanketi la mtoto akipiga vigelegele, na madam wake badala ya kumkanya akashika pembe ya pili. Ukungu ukapanda. Ukafika kwenye taa. Goli likaonekana, halafu la pili, halafu uso wa refa, ambaye alionekana amesikitika kidogo kwamba hataenda nyumbani mapema.

Kipindi cha tatu kilichezwa kwa heshima kubwa na vikumbo vingi. Karibu na mwisho Turki alipata kisahani upande wa mlango mkubwa, mabeki wamemzonga, hana pa kupiga. Kila mtu alitegemea apige golini. Akapiga nyuma ya goli, kwa nguvu zake zote, kwenye ule ubao wa kiziwi. Beki wa Jeddah asiyeujua ubao ule, kijana aliyeingia timu yao mwaka ule, akakimbilia mbele kungoja kirudi. Hakikurudi. Kilikufa pale pale, na Turki alikuwa ameshazunguka akakichukua kama mtu anayechukua kitu alichokiweka mwenyewe, akakisukuma ndani.

Sikusikia filimbi. Nilikuwa nimekaa kwenye sakafu. Rodel alikuja akakaa karibu nami.

"Ule ubao nilimwambia bosi wangu aubadilishe," akasema.

"Sasa ataubadilisha."

"Usikubali wakubadilishie wa kwako," akaniambia.

Barafu ya Olaya ikabaki. Mashindano yakaja Riyadh, watu wakaja, bosi akaacha kusema habari za fanicha. Mimi nikafanya kazi mpaka nyumba yangu ikapata mabati, ya rangi ya kijani, aliyoyachagua Nekesa. Nikaaga. Mlinisindikiza wenyewe, baadhi yenu, mkanibebea sanduku.

Nimewaeleza mpaka hapo ili muelewe hili la mwisho. Nilipofika Kitale niliingia nyumba yangu kwa kifua mbele. Nilizunguka vyumba nikipapasa kuta, nikawaambia majirani hii nimeijenga mimi. Wiki ile ile, mchana, mvua ikaja, mvua ya kwetu, ile ya radi. Nilikaa kwenye kochi nikisikiliza mabati yangu yakilia, na nawaambia sikuwahi kusikia kelele tamu kama ile. Nekesa alikuwa anachambua mboga. Akasimama, akaenda nyuma ya mlango, akachukua beseni la bluu, akaliweka kwenye kona ya chumba, mahali pakavu kabisa. Akalisogeza kidogo kwa mguu. Akarudi kwenye mboga zake.

"Hilo la nini?" nikamwuliza.

"Subiri," akasema.

Tone likaanguka katikati ya beseni.

Nilicheka mpaka akaja kunitazama kama ni mzima. Halafu kicheko kikakatika. Kona ya Olaya naijua nikiwa nimefumba macho. Ubao wa Jeddah naujua kwa sauti. Na pale, chini ya bati nililolitafuta mpaka baharini, mimi ndiye niliyekuwa mgeni, na mwenyeji alikuwa anachambua mboga.

Siku iliyofuata nilichukua fimbo nikazunguka nyumba nzima nikigonga. Nekesa alinifuata nyuma, ananionyesha: mlango huu unakwama wakati wa masika, dirisha hili linaingiza upepo, hapa panya. Najifunza. Tayari mawingu yakikusanyika naanza kunyanyuka mwenyewe, ingawa yeye bado ananiwahi.

Nyinyi kesho asubuhi kabla ya mazoezi chukueni gongo, mgonge ukuta wote mpya. Sasa niacheni, radi imelia, na leo beseni naliweka mimi.